Chumba cha Watu Wawili

Ndege wa kweli alikuwa ametua juu ya kichwa cha ndege wa taulo, na alikuwa amekwisha kumnyea.

Nilisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye toroli la mashuka, nikiwatazama wote wawili. Yule wa taulo alikuwa mmoja wa wawili niliowakunja mwenyewe jana yake: shingo ndefu, kifua mbele, mkia umebinuka kama wa jogoo mwenye wake wengi. Yule wa kweli alikuwa mbayuwayu, mdogo wa kuenea kiganjani, mgongo wa buluu iliyokolea kama wino, koo la rangi ya tofali. Macho yake yalikuwa yakifumba na kufumbua kama ya mlinzi aliyepewa zamu mbili mfululizo. Nchi kavu tuliyoiacha nyuma ilikuwa mwendo wa siku nzima na usiku wake kwa meli, na meli ina mitambo. Yeye alikuwa na manyoya tu.

"Usimfukuze," ilisema sauti kutoka kitini. "Amechoka."

Alikuwa ni mwenye chumba, mzee mmoja mwalimu mstaafu wa jiografia. Alikaa na kofia yake ya jua kichwani humo humo ndani, jasho likimchuruzika. Mlango wa kibaraza ulikuwa wazi kabisa. Kiyoyozi, ambacho chumba hicho hugawana na cha jirani, hujizima mlango huo ukifunguliwa, kwa hiyo chumba kilikuwa kimegeuka tanuri.

"Mzee wangu," nikamwambia, "huyu abiria hana tiketi. Na jamani, si angeuliza kwanza choo kiko wapi?"

Mwalimu akatabasamu. Nami nikaona nisiishie hapo. "Na mama je? Leo tena kanikimbia? Mwite aje amwone mgeni."

Hapa inabidi nijieleze. Mimi ni mhudumu wa vyumba katika meli ya watalii. Nina vyumba kumi na sita na mgongo mmoja. Kila asubuhi napewa orodha: chumba fulani, watu kadhaa. Orodha ilisema chumba cha kumi na nne, hiki cha mwalimu, kina watu wawili, mume na mke. Kwa mume na mke hukunja ndege wawili wa taulo, nikawaelekezanisha mpaka vipaji vya nyuso zao vinagusana na shingo zao zinachora umbo la moyo. Huweka kanzu mbili za kuogea, jozi mbili za ndara, na bilauri mbili zilizofunikwa karatasi.

Sasa, mhudumu wa vyumba hahitaji umbea. Kitanda humsimulia kila kitu. Tangu siku ya kwanza kitanda cha mwalimu kilikuwa kimelaliwa upande mmoja. Mto wa upande wa pili ulibaki vile vile nilivyouacha, hata kifinyo changu cha mwisho kilikuwepo. Bilauri ya pili haikuvuliwa karatasi yake. Mtu mwenye akili timamu angeuliza. Mimi, kwa jinsi nilivyoijua ndoa, nilikwishakata shauri: hawa wamegombana, na mama amehamia kwa shoga yake ghorofa nyingine.

Nikajitwisha upatanishi. Siku ya pili niliwasogeza ndege wale mpaka hata hewa haikupita kati yao. Siku ya tatu nilizipanga ndara za mama juu ya ndara za baba, kisha nikamnong'oneza mwalimu, "Mwombe tu msamaha, mzee wangu. Hata kama huna kosa, wewe omba. Kosa lenyewe mtalitafuta mkifika bandarini." Alicheka mpaka akavua miwani na kujifuta macho. Nilitoka pale nimevimba kichwa, nikijiona mshauri wa ndoa wa bahari zote.

Hiyo sasa ilikuwa siku ya nne. Mwalimu aliutazama ule mto usio na mkunjo.

"Mama hayumo melini, mwanangu," akasema. "Alifariki miezi miwili iliyopita. Tulijiandikisha wawili, nikaja mmoja."

Mimi nina mdomo. Sikuzaliwa nao; niliupata mwaka kibanda changu cha ushonaji kilipoungua, na mwaka huo huo mume wangu akaenda kununua mkaa, nadhani mpaka leo yuko kwenye foleni. Tangu hapo maneno ya kuchekesha ndiyo walinzi wangu. Mtu hanifikii kabla hawajampekua. Lakini siku ile niliwaita wote, wala hakutokea hata mmoja.

"Mzee," nikasema. "Zile ndara. Ule moyo. Kwa nini hukunikemea?"

Alifikiri kwa muda, kama anayetafuta mji mdogo kwenye ramani kubwa. "Nyumbani kila mtu akifika ananishushia sauti. Hakuna anayemtaja. Wewe ulikuwa unakuja na kelele zako, unauliza mama yuko wapi, kama vile yuko bafuni anachana nywele. Nikasema, acha aendelee."

Mbayuwayu alisogeza mguu, akajipandisha juu kidogo ya taulo, akafumba macho.

*

Msimamizi wetu tunamwita Kidole, kwa kuwa hakagui chumba bila kupitisha kidole juu ya fremu ya mlango kutafuta vumbi. Alinikuta ukumbini nikibadilisha mashuka ya toroli.

"Kumi na tano wanalalamika joto," alisema. "Kumi na nne kuna nini?"

"Mzee anapenda hewa."

"Nasikia kuna ndege."

"Ndege wapo vyumba vyote, bosi. Mimi ndiye ninayewakunja."

Hakucheka. Kidole si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka kuhesabiwa makosa ya wengine. "Dada, sikiliza. Ndege wa porini akiingia ndani, anaripotiwa. Afisa wa mazingira anakuja na sanduku lake, anamchukua. Saa kumi napita kukagua. Nikimkuta hujaripoti, ni barua ya pili ya onyo."

Barua ya kwanza nilipewa kwa kuwapakia watoto wa abiria kwenye toroli na kushindana nao kufika kwenye lifti. Barua ya pili maana yake ni kushuka bandari inayofuata na sanduku lako la nguo, unga umemwagika. Nyumbani mama yangu na binti zangu wawili walikuwa wakila kwa mikono hii miwili inayonukia sabuni.

Tena si kwamba yule afisa angemdhuru ndege. Angemtia gizani penye utulivu, akamwachia tukifika pwani. Ni jambo la busara kabisa. Nilijiambia hivyo ukumbini kote, mpaka nikafika mlango wa kumi na nne, nikabisha, nikamweleza mwalimu kwamba sina budi kumwita mtu aje na sanduku.

"Fanya kazi yako, mwanangu," alinijibu, upole mtupu. "Watu wa hospitali nao walikuja na kitanda chao cha magurudumu. Walikuwa na adabu sana. Hata mlango waliurudisha taratibu."

Kisha akaongeza, macho yakiwa kwa ndege, "Kesho asubuhi tutapita karibu na nchi kavu. Ataiona mwenyewe. Nilitaka tu huyu mmoja aondoke kwa miguu yake." Akajisahihisha. "Kwa mabawa yake."

Simu ya ndani ilikuwa ukutani, hatua mbili kutoka niliposimama. Niliitazama. Kisha nikatoka, nikarudi na mataulo manne safi.

Mataulo ndiyo kitu pekee ninachokijua kuliko Kidole. Mawili niliyaviringisha yakawa magumu kama magogo, nikajengea ukuta kwenye pembe ya kibaraza isiyopigwa na upepo. La tatu nikalitandika, la nne nikaliezeka juu. Nikamfunika mbayuwayu kwa kitambaa, nikamnyanyua. Moyo wake ulikuwa ukidunda mkononi mwangu kwa kasi ya cherehani. Hakupapatika. Nilimweka ndani ya kile kijumba, nikamsogezea maji kwenye kisahani cha sabuni. Mwalimu alibeba kiti chake mwenyewe, akatoka na kofia yake, akaketi naye nje. Nikaufunga mlango wa kioo. Kiyoyozi kikakohoa, kikaamka. Joto la kumi na tano likaisha. Kosa langu likabaki.

Saa kumi kamili Kidole aliingia. Alipitisha kidole juu ya fremu, akakigeuza: kisafi. Juu ya kabati: kisafi. Kisha akatazama kupitia kioo, akaona mgongo wa mzee, kofia, na kando yake kijumba cha taulo ambacho hakimo katika mwongozo wowote wa meli.

"Nani katengeneza hiki?"

Walinzi wangu walikuwa wamerudi, wamejipanga, kila mmoja na mzaha wake mkononi. Niliwapita.

"Mimi. Ndege alikuwa humu ndani tangu saa nne asubuhi. Nilijua natakiwa kuripoti. Sikuripoti."

Kidole alinitazama kama mtu anavyotazama bomba lililozoea kuvuja, ghafla limenyamaza. "Kesho saa nne," alisema. "Ofisini kwangu."

*

Asubuhi nilianza na kumi na nne kabla ya vyumba vingine. Mwalimu alikuwa tayari kibarazani. Mbali, juu ya maji, nchi kavu ilikuwa imejichora kama mstari wa penseli uliochorwa na mtu mwenye mkono mwepesi.

Mbayuwayu alikuwa juu ya ukingo, akipanga manyoya, bawa moja kisha jingine. Nilikuwa nimejiandalia la kumwambia, jambo la kuchekesha kuhusu kufua taulo alilolinyea. Sikuwahi. Aliondoka katikati ya pumzi yangu. Hakuzunguka meli, wala hakugeuza shingo. Tulimwona akiwa ndege, kisha doa, kisha hatukuwa na hakika tunachotazama.

"Ameshika njia sawasawa," mwalimu alisema.

Nikaenda kuondoa mataulo. Yeye hakusimama. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, wazi, kama ya mtu aliyeteremsha mzigo na hajajua mikono aipeleke wapi.

"Mwanangu, una dakika?"

Sikuwa nayo. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi, ofisi ya Kidole iko ghorofa tatu chini, na vyumba kumi na tano vilikuwa vikiningoja na vitanda vyake vyenye habari. Nikalivuta toroli mpaka likashikilia mlango wa ukumbini usijifunge, nikarudi, nikaegemea ukingo.

"Alikuwa akiogopa maji," akaanza. "Hata ya beseni. Ukimrushia tone moja, nyumba nzima inakimbia. Na safari hii ni yeye aliyeichagua. Nikamuuliza, wewe? Baharini? Akaniambia..."

Kisha akacheka peke yake, akaiga sauti ya mwanamke, nyembamba na ya kuamrisha, nami kwa mara ya kwanza nikamsikia mama wa chumba cha kumi na nne.

Saa nne ilikuwa imekwisha kupita viatu vilipokuja ukumbini nyuma yetu, vikasimama. Kidole alikuwa mlangoni, kando ya toroli langu, karatasi iliyopigwa chapa mkononi. Alifungua mdomo. Mwalimu, bila kukatiza hadithi, alimwinulia mkono mmoja, kiganja mbele, jinsi walimu wanavyofanya. Na Kidole akaipeleka ile karatasi nyuma ya mgongo, akasimama pale pale kizingitini kama mwanafunzi aliyechelewa darasani, akisubiri aonyeshwe pa kukaa.