Nani Aambiwe Seva Ikizimika

Seva ya chama cha wachongaji wa Shauri Moyo ilikuwa na tabia ya kuzimika kimyakimya, bila kuaga mtu. Wachongaji wanaendelea kugonga tezo, karani Ndete anaendelea na chai yake, na huko nje barua za wanunuzi wa ng'ambo zinabisha mlango usiofunguliwa mpaka zinachoka na kurudi kwa wenyewe. Mnunuzi mmoja wa Ujerumani, mchukuaji wa twiga wa mbao kwa wingi, alirudishiwa barua zake hivyo mpaka akaamua kupiga simu. Alisema agizo la Krismasi angeliandika wiki hiyo. Asipojibiwa kufikia Ijumaa, twiga angewatafuta kwingine.

Mzee Muoki alisikia habari hiyo akiwa kwenye benchi lake. Twiga ndiyo kazi yake. Agizo lile likipotea, wachongaji wengi wangerudi kupanga foleni ya vibarua kwenye malango ya viwanda kule Industrial Area, upande wa Mukuru. Wengine wangeweza. Yeye, tangu mkewe Mukai afe, aliapa kwamba kwenye lango la kiwanda hatasimama tena.

"Wazito wetu walinunua takataka," alisema, akipiga msasa shingo ya twiga kama anayemkwaruza mtu. "Mtu akishapewa kiti, hata macho ya kuchagua kitu yanampotea. Angetumwa mmoja wetu, tungekuwa na seva ya maana."

"Wewe mzee, ungeijuaje seva?" Ndete alimuuliza kutoka dirisha la ofisi yake.

"Ningeijua kwa kuwa si mwenyekiti."

Mwenyekiti, Dedan Maingi, alimleta fundi. Alikuwa dada mmoja wa Makadara, Maurine, binti wa Owino wa reli. Alikuja na kompyuta kuukuu chini ya kwapa, akaiweka mezani kwa Ndete na kuiunganisha na simu kwa modemu. Seva yenyewe ilikaa upande wa pili wa ukuta, katika chumba cha kumalizia kazi, maana hicho ndicho kilikuwa na mlango wa chuma na wezi wa mtaa ule wanajulikana.

"Huyu mzee wa mezani kazi yake ni moja," Maurine alieleza, akiipigapiga kompyuta kuukuu mgongoni. "Kila baada ya muda mfupi anamuuliza seva, 'Uko?' Seva akisema niko, na joto langu ni hili, basi. Akianza kupata joto jingi, au akinyamaza, huyu anatuma barua pepe ya tahadhari. Na hiyo barua haipiti kwa seva, inakwenda moja kwa moja nje, kwa sanduku lililo kwa kampuni ya mtandao. Maana ukimtumia maiti habari ya kifo chake, atakujibu?"

Wachongaji waliokusanyika mlangoni wakacheka.

"Sasa niambieni. Tahadhari iende kwa nani?"

"Kwangu," mwenyekiti alisema kabla mtu hajapumua. "Mambo ya ofisi yanakuja kwa ofisi. Mimi nitajua la kufanya."

"Tuongeze na karani? Yeye yuko hapa siku nzima."

"Nimesema kwangu, dada."

Muoki aliweka twiga chini. "Kwako peke yako?"

"Mzee Muoki, tafadhali. Hii si kazi ya tezo."

Muoki aligeuka, na wanaomjua walishangaa. Alirudi kwenye benchi akakaa bila kushika msasa.

Mukai alikuwa akishona mifuko kiwandani. Siku aliyoanguka, mwenzake alikimbia kumwambia msimamizi. Msimamizi akasema habari hizo ni za meneja. Meneja alikuwa kwenye mkutano. Habari ikakaa huko juu, kwenye viti vya ngozi, ikingoja mkutano uishe, na Muoki alikuwa akichonga hapa hapa, mahali ambapo mtu wa miguu anafika kabla ugali haujaiva. Alipoambiwa, Mukai alishafia hospitali, na hakuna uso aliokuwa akiujua uliokuwa karibu naye. Hakuna mkubwa aliyekosea, walisema. Kila mmoja alimwambia wa juu yake.

Alhamisi mwenyekiti alivaa koti akaenda mahakamani Makadara kwa kesi ya ploti yake. Asubuhi hiyo seva ikazimika. Kompyuta ya Maurine ikafanya kazi yake bila lawama: ikatuma tahadhari, ikatuma tena, zote zikaingia sanduku la mwenyekiti zikalala humo. Ndete alikaa karibu nayo, kiwiko kwa kiwiko, asijue lolote.

Ijumaa Maurine alipopita kukagua ndipo akaona.

"Jameni! Imekufa tangu jana!"

Muoki aliingia ofisini na tezo mkononi, akasahau kuiweka. Mwenyekiti alikuwa ndiyo kwanza anavua koti.

"Uliambiwa," Muoki alisema.

"Nilikuwa kortini, mzee."

"Uliambiwa! Habari ya mke wangu walimwambia meneja, meneja yuko mkutano. Ya seva wanakwambia wewe, wewe uko korti. Nyinyi mkipewa habari mnaikalia kama kuku, na mayai yenyewe si yenu! Leo ni Ijumaa, Dedan. Mimi nirudi pale langoni? Pale pale?"

Wachongaji waliomfuata walitazamana. Walikuwa wamefanya kazi na mzee huyu miaka mingi, na kisa cha Mukai hawakuwahi kukisikia kinywani mwake.

Maurine alishusha sauti. "Baba, weka hiyo tezo. Niacheni nione kwanza kilichoiua."

Alisoma kwenye kompyuta kuukuu joto lote lililoandikwa tangu siku ilipowekwa, akainua kichwa.

"Haikufa ghafla. Ilikuwa inapata joto. Kila siku inapoa saa ya chakula, halafu joto linapanda tena. Hapo mchana huwa mnaacha nini?"

"Kila kitu," Ndete alisema. "Hata msasa wa mzee Muoki unanyamaza, na huo haunyamazi hata kwa mvua."

Maurine alitoka, akaingia chumba cha kumalizia kazi, akafungua seva ubavuni. Feni haikuonekana. Ilikuwa imevikwa vumbi la muhugu, mti wa kuchongea twiga, jekundu, laini, limeshonana kama blanketi. Na benchi la Muoki lilikuwa humo humo, hatua chache kutoka hapo.

Mlipuko wa kicheko ulisikika mpaka sokoni Gikomba.

"Kumbe muuaji tunakula naye!"

"Mzee, kumbe wazito unaowalaumu ni wewe mwenyewe!"

Muoki alitazama lile vumbi, akatazama viganja vyake, vyekundu vile vile. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hakuwa na mtu wa kumlaumu, akajihisi kama mtu aliyeibiwa fimbo.

"Basi nitoe benchi nje," alisema mwishowe.

"Utoe wapi?" mwenyekiti akamkata. Naye alikuwa mchongaji kabla ya kiti. "Twiga wakipigwa na jua na upepo kabla ya mafuta, watapasuka shingo zote. Mbao hazitoki." Aligeuka kutazama ofisi yake, yenye kufuli mbili, zulia na kabati la vikombe vya wageni. Ilionekana wazi kwamba neno lililofuata lilimuuma. "Itoke seva. Ije kwangu."

"Na tahadhari?" Maurine aliuliza.

"Ziende kwa Ndete na kwako mwenyewe. Mimi niweke wa mwisho." Akamtazama Muoki. "Umeridhika?"

"Bado. Kabati lako litazuia hewa."

"Mzee huyu!" Mwenyekiti alicheka, na kabati likasogezwa.

Muoki ndiye aliyesafisha feni, kwa brashi ya kupakia mafuta shingo za twiga, polepole. Seva ikabebwa, ikawashwa. Wakasimama wote kuizunguka, wakileta vumbi lote la chama kwenye zulia la mwenyekiti. Barua zilizokuwa zikisubiri kwa kampuni ya mtandao zikaanza kuteremka.

"Ujerumani!" Ndete alipiga kelele. "Iko! Anataka twiga, na mwaka huu anaongeza na viboko!"

"Mjibu," Muoki alisema. "Mjibu sasa hivi, kabla hajaenda mkutano."

Ndete akajibu. Wengine wakarudi kwenye mabenchi wakiimba, lakini Muoki alibaki mlangoni, akijifuta mikono kwenye aproni.

"Binti Owino, hiyo tahadhari, mtu asiye na sanduku la barua anaweza kuwekwa?"

"Nikufungulie sanduku, baba?"

"Nifungulie. Ndete atanisomea. Ikizimika, nataka niambiwe."

"Niandike jina gani?"

Alifikiri kidogo. "Muoki. Halafu uweke na Mukai."

Maurine akaandika yote mawili, pamoja, bila nafasi katikati, kwa kuwa ndivyo mashine ilivyotaka. Akamgeuzia kioo aone. Muoki aliinama, akasoma herufi moja baada ya nyingine kwa kidole chekundu, akachukua muda wake wote.