Watoto wa Chumba cha Ndani

Jua halijapanda vizuri, Mama Chiriku alikuwa keshachoka kupiga hodi. Yeye ndiye mhudumu wa afya wa mtaa, na asubuhi ile daktari mgeni alimtuma na swali moja tu: humu ndani kuna mtoto aliyepooza miguu? Kila nyumba jibu lilikuwa lile lile. Hakuna, tunamshukuru Mungu. Kunywa maji, mama. Na nyuma ya pazia redio inaongezwa sauti.

Redio! Wamdanganye nani? Hata kwake redio ina kazi hiyo hiyo. Mgeni akibisha, mama mkwe huifungulia mpaka mwisho, maana mjukuu wake aliyepoozeshwa na polio hakuitwa Chiriku bure. Mdomo wake haujui kupumzika. "Una binti mkubwa anayechumbiwa," mama mkwe humwonya. "Wakijua, nani ataoa kwenye ukoo wa viwete?"

Alipopeleka majibu, daktari alikuwa ameegesha gari mbele ya zahanati. "Shuleni nimemkuta mmoja tu," alisema. "Ugonjwa huu kwenu ni nadra. Matone ya chanjo nitayapeleka kwingine."

Shuleni! Jamani, mtoto asiyeweza kusimama atafikaje shuleni? Lakini Mama Chiriku angesema nini, na wake kamfungia ndani?

Akamkumbuka kitindamimba wake, ndiyo kwanza anasimama dede. Matone yakiondoka, huyu naye angeweza kupooza. Alirudi nyumbani mbio, akazima redio, akamfunga Chiriku mgongoni kwa mbeleko.

"Utatuaibisha!" mama mkwe alimdaka mkono.

"Nisamehe, mama. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nina mwingine wa kumwokoa."

Akapita naye katikati ya barabara, mchana kweupe, Chiriku akiuliza kila kitu: kile nini, yule nani? "Dawa imekuja!" mama aliwaita wenzake madirishani. "Watoeni watoto!"

Fundi cherehani ndiye aliyetoka kwanza, na mwanawe begani. Kisha mwalimu mkuu, ndiyo, mwalimu mkuu mwenyewe, anasukuma toroli na mtoto ndani yake. Baada ya hapo milango ikafunguka mtaa mzima. Wengine walibebwa, wengine walitambaa wenyewe, wanafumba macho kwa jua.

Mabenchi ya zahanati hayakutosha. Daktari alizunguka kati yao, kisha akasema, "Matone yanabaki hapa."

Fundi cherehani alimsogeza mwanawe mbele. "Aanze huyu, daktari. Atatembea lini?"

Daktari aliinamisha kichwa. Matone huwakinga wasiopatwa bado, alieleza. Aliyekwishapooza hayamwinui. Hawa watafanyiwa mazoezi, na vyuma vya miguu vikipatikana watapewa.

Fundi cherehani alimgeukia Mama Chiriku. Laiti angemtukana, ingekuwa nafuu. "Ulisema dawa," alisema tu, akaketi sakafuni na mwanawe mapajani.

Mama Chiriku alitaka ardhi ipasuke immeze. Kitindamimba wake angekingwa, naam, lakini hawa walikuwa wametolewa kwa neno lake. Chiriku naye, kwa mara ya kwanza, alikuwa kimya. Alikuwa akiwatazama wenzake mmoja mmoja, miguu yao na miguu yake.

"Mama," alisema, "kumbe tuko wengi hivi! Mbona hukuniambia?"