Foku Isiyo na Jina

Na ijulikane kwa wote, wakubwa kwa wadogo, wa Adungosi na wa Malaba, waendao kwa miguu miwili na waendao kwa magurudumu mawili, kwamba Ajiko, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alipewa heshima kuu ya kubeba jina la parokia katika mbio za baiskeli za njia ya mawe. Heshima hiyo ilimfikia kwa njia yake. Wasichana wawili walikuwa mbele yake: mmoja akashikwa na matubwitubwi, wa pili akaenda arusini Bumala. Parokia ikatazama kulia, ikatazama kushoto, ikabaki na Ajiko.

Shida ilikuwa baiskeli. Ilikuwa baiskeli ya milimani ya kweli, yenye tairi za meno, lakini foku yake ya mbele, ile inayopaswa kushuka na kupanda gurudumu likikutana na jiwe, ilikuwa imekata roho. Ikishuka, haikurudi. Dada Sylvia, msimamizi wa mbio, aliikagua akatikisa kichwa. Asiyeleta foku nzima kufikia jioni hiyo, alisema, kesho asije, na nafasi yake atapewa Sharlyne wa Mundika. Haukuwa ukali wa bure. Mwaka uliopita foku ya mshindani mmoja, Allan, ilikwama katikati ya mteremko. Baiskeli ikasimama, Allan akaendelea na safari, na meno yake mawili ya mbele hayajaonekana hadi leo.

Ajiko aliyapenda meno yake. Na kumwona Sharlyne amevaa fulana ya parokia yake, afadhali ayakose.

Ndipo alipomwendea mjomba wake Okiror, kaka wa mama yake, wakala wa kupitisha mizigo mpakani. Mzee huyu alikuwa na moyo mzuri na tumbo la kuheshimika. Alikubali kununua foku bila kunung'unika, ila kwake yeye anayelipa ndiye anayechagua, na alichagua kila kitu kwa jina. Viatu vyake vilikuwa na jina. Kifungo cha chuma cha mkanda wake kilikuwa na jina linalosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Hata taulo yake ya kuogea ilikuwa na jina, ingawa lilikuwa la hoteli.

Kibanda cha Egesa, muuza vipuri vya mitumba, kilikuwa nyuma ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Siku hiyo alikuwa na foku mbili tu zinazoingia kwenye baiskeli ya Ajiko. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya dhahabu, na kila mguu una stika nyekundu iliyoandikwa RADI 3000, pamoja na picha ya umeme ukipasua wingu. Ya pili ilikuwa nyeusi, imebanduka rangi, haina hata herufi moja.

Ajiko alipitisha ukucha kwenye chuma cha ndani cha ile ya dhahabu. Ukucha ukakwama kwenye mikwaruzo. Akaona duara la mafuta lililopanguswa haraka haraka. Akaisimamisha chini, akaiegemea kwa kifua: ikashuka na mlio wa ko, ikakaa huko chini kama mtu aliyekuja kwa chakula cha mchana na hana nia ya kuondoka. Akaishika ile nyeusi. Chuma chake kilikuwa laini kama kioo. Akaiegemea, ikashuka, ikapanda taratibu bila kurusha teke, ikanyamaza.

"Hii nyeusi, mjomba," alisema.

"Hiyo ni chakavu."

"Ni chakavu nje. Ile nyingine ni chakavu ndani."

Egesa, aliyetaka kuuza yoyote ile, alisema zote ni nzuri, boss, inategemea mtu. Mjomba Okiror akaeleza kwa upole kwamba kampuni iliyofika nambari elfu tatu haiwezi kuwa imeanza biashara jana. Nambari hizo si bure. Ajiko akamwomba aegemee zote mbili mwenyewe. Mjomba akasema hajavaa shati lile ili aegemee vyuma.

Wakati huo dereva mmoja akaja mbio na makaratasi, mjomba akamfuata hadi kwenye lori lake. Egesa naye akavuka barabara kwenda kutafuta chenji ya shilingi za Uganda. Ajiko akaachwa peke yake na foku mbili, jua kali, na kikombe cha uji wa muhogo uliokwisha kupoa. Tusimsingizie shetani. Shetani ana shughuli nyingi, na hakuonekana Malaba adhuhuri ile.

Shule ya bweni hufundisha mengi ambayo hayamo kwenye mtihani. Ajiko alijua kwamba stika ya bei rahisi ikipigwa na jua hubanduka nzima ukiivuta polepole kutoka pembeni. Alijua pia kwamba uji uliopoa ni gundi, na kwamba matangazo mengi ya shuleni kwao, yakiwemo yale ambayo mwalimu mkuu hakuyaandika, yalishikiliwa ukutani na uji. Mjomba aliporudi, umeme ulikuwa ukipasua wingu juu ya foku nyeusi, na ile ya dhahabu ilikuwa uchi.

Mjomba Okiror alizitazama kwa muda mrefu.

"Unaona sasa?" mjomba alisema, akainyanyua ile nyeusi. "Nilikuwa nimechanganya rangi kwa sababu ya jua, lakini jina sikulichanganya. Rangi ya dhahabu ni ya kudanganya watoto. Kampuni ya maana hupaka nyeusi."

Ajiko akakubali kwa unyenyekevu kwamba mjomba ameona mbali. Egesa aliporudi alizitazama foku zake, akamtazama Ajiko, kisha akagundua kwamba kuna vumbi jingi sana kwenye rafu ya juu linalohitaji kupanguswa. Pesa zikatolewa. Ajiko alikwisha kuliona gurudumu lake likiteremka juu ya mawe na Sharlyne akipiga makofi kwa shingo upande.

Hapo ndipo alipofika Mathews, katekista, akisukuma baiskeli yake. Kila Jumapili alizunguka vigango vitatu kwa njia za mawe, na foku yake ilikuwa imepinda. Mjomba Okiror, mwenye furaha ya mtu aliyekwisha kuchagua vizuri, akampa ushauri wa bure: achukue ile ya dhahabu. Haina jina, kwa hiyo Egesa hawezi kudai nyingi. Mathews akashukuru, akaingiza mkono mfukoni.

Ajiko angeweza kunyamaza. Foku yake ilikuwa mkononi mwa mjomba, jioni haijafika, na kunyamaza hakulipiwi ushuru. Lakini aliyakumbuka meno ya Allan, akaona jinsi katekista alivyojaliwa meno mazuri ya kusomea masomo ya Jumapili.

"Katekista, usiinunue hiyo," alisema. "Iegemee kwanza."

Mathews akaiegemea. Ko. Ikabaki chini. Mjomba akacheka, akasema ndivyo ilivyo kwa vitu visivyo na jina, hebu atazame hii ya kampuni. Akamnyooshea ile nyeusi. Nzi wawili waliokuwa wametua juu ya neno RADI hawakuondoka. Akaja wa tatu. Mjomba akawapunga kwa kidole gumba, na umeme pamoja na wingu lake vikateleza, vikabaki kwenye kidole, vikidondosha uji.

Mjomba akakinusa kidole.

"Ajiko. Nani amefanya hivi?"

Shuleni Ajiko angetaja upepo. Alifikiria upepo, akafikiria kuku, akafikiria hata majirani wa ng'ambo. Kisha akanyoosha mgongo.

"Ni mimi, mjomba. Nimekudanganya, na kwa uongo huo naomba radhi. Kwa foku siombi. Umeishika mwenyewe, umeisifu mwenyewe, na ni ileile uliyoiita chakavu. Ukiirudisha, irudishe. Ila ile ya dhahabu sitaipanda, hata Sharlyne achukue fulana, hata unipeleke bweni leo leo na sanduku kichwani. Haipandi mtu ninayemjua."

Mjomba Okiror alipangusa kidole kwa leso. Akaisimamisha foku nyeusi, akajitazama shati, kisha akaiegemea kwa tumbo lake lote. Ikashuka. Ikapanda taratibu na tumbo juu yake. Akamwambia Egesa aifunge kwenye gunia, na amtafutie katekista nyingine kama hiyo, kutoka popote.

Ajiko alikuwa amekwisha kulibeba gunia begani mjomba alipomwita tena, sasa kwa sauti ya chini, kama mtu anayefungua macho asubuhi.

"Na ile karatasi yenye herufi L, ya wanaojifunza kuendesha, nyuma ya gari langu? Wiki nzima watu wa Bumala wananipisha njia kama bibi arusi."

Ajiko aliliweka gunia chini.

"Hiyo pia ni mimi, mjomba. Lakini hiyo nilitumia gundi ya dukani."