Theluthi Iliyoonekana

Felisita hakuwa na subira na mtu anayechambua pamba kwa mdomo.

"Mikono, Baba Joyness. Safi huku, fifi, ile chafu, kule."

"Wanunuzi binafsi hawachagui," mumewe Mboje alisema. "Wanazoa zote."

"Mimi nachagua."

Hasira yake haikuwa ya pamba. Binti yao Joyness, mhitimu wa fizikia, alikuwa ameitwa Ujerumani kwenye maabara inayopima mzunguko wa protoni. Nauli imelipwa. Lakini hangeondoka bila baraka ya baba, na baba alikuwa ameikalia.

"Hebu nieleze tena hicho kitu," Mboje alisema.

Joyness akaokota mbegu ya pamba. "Humu mna protoni zisizohesabika, baba. Kila moja ina mzunguko wake, kama pia ya kuchezea watoto. Ndani yake mna chembe ndogo zaidi, kwaki. Wataalamu waliamini mzunguko wote ni wa kwaki. Wakazielekeza protoni upande mmoja, wakazifyatulia chembe nyingine, wakapima zinavyotawanyika. Kwaki zikaonekana na theluthi tu, pengine pungufu."

"Iliyobaki?"

"Haijulikani."

"Basi kipimo chao kibovu! Na huku mzee Ngeleja anasubiri jibu la posa yako."

Felisita akaiacha pamba. "Bwana mifugo alipohesabu zizi letu, alikuitaje?"

"Maskini," Mboje alijibu, akitabasamu bila kutaka.

"Alikosea kuhesabu?"

"Hapana. Ng'ombe wengine nimewaweka Dutwa kwa Shigela, wengine kwa Luhaga. Nani anaweka ng'ombe wote zizi moja? Ugonjwa ukiingia je?" Kisha akamgeukia bintiye. "Sasa hiyo iliyobaki mnadhani iko zizi la nani?"

"Labda kwenye gluoni, ile gundi inayozishika kwaki. Labda kwenye mwendo wa kwaki zenyewe humo ndani. Ndiyo tunakwenda kupima."

"Msipoipata?"

"Tutajua zizi ambalo haimo."

Mboje akakuna kidevu. "Huko kuna baridi."

"Atavaa," Felisita alisema.

"Na Ngeleja?"

"Utamwambia mwenyewe. Nyama aliyoleta na posa uliila peke yako."

Joyness akaficha kicheko. Mboje akainuka, akapangusa nyuzi za pamba kwenye suruali, akachukua baiskeli. Alifika njiani, akasimama, akarudi akiikokota.

"Lete mikono nikutemee mate ya baraka sasa hivi, mwanangu. Nikitoka kwa Ngeleja, sidhani kama nitabaki na mate mdomoni."