Chumvi ya Mgeni

1.

Hakuna.

2.

Neno hilo moja Atuganile alilisema mara mbili katika wiki moja, na mara zote mbili alikuwa anaongopa.

Mara ya kwanza alimwambia shangazi wa mchumba wa binti yake, mama wa miwani aliyeuliza kwa adabu zote huku akikoroga chai: "Mama Lugano, samahani lakini. Kwenu huko milimani hakuna ule ugonjwa wa shingo?"

Mara ya pili alimwambia daktari.

3. TANGAZO (ukutani, chumba cha daktari)

WANANCHI MNAKUMBUSHWA KUTUMIA CHUMVI YENYE MADINI JOTO. IHIFADHIWE KWENYE CHOMBO CHENYE MFUNIKO, MBALI NA MOTO. ROVU (UVIMBE WA SHINGO) LINAZUILIKA.

Atuganile alilisoma lote, kisha akageuza kiti.

4.

[Kipande hiki Atuganile hataki ukisome. Tutakirudia.]

5.

"Mama, huyu binti homoni zake za tezi ziko chini," daktari alisema. "Ndiyo maana anachoka, anasikia baridi Morogoro hii yenye joto, nywele zinamkatika. Na anaolewa. Akishika mimba kabla hatujaliweka sawa hili, mtoto anaweza kuathirika. Kwa hiyo nauliza: kwenye ukoo kuna mwenye shida ya tezi?"

"Si ni mambo ya chumvi hayo, daktari? Sisi chumvi tunakula."

"Chumvi ni nusu ya habari. Watu wawili wanaweza kula chungu kimoja, tezi ya mmoja ikavumilia, ya mwingine ikashindwa. Hiyo ni damu ya ukoo. Halafu mahali mnapoishi, maji, udongo, chakula, vinaisukuma damu hiyo huku au kule. Nikijua ya kwenu, najua pa kuanzia."

Lugano akamtazama mama yake.

Alichojibu unakijua tayari.

6. Mambo ambayo Atuganile na Tusekile wanafanana

sura

kicheko kinachoanzia puani

siku ya kuzaliwa (Tusekile alitangulia, kwa hiyo kwa Lugano yeye ni mama mkubwa)

kidole cha mwisho cha mguu, kilichopinda

shingo, mpaka walipovunja ungo

7.

Mapacha, damu moja. Mjomba alikuja kumchukua mmoja akasome mjini, akamchukua Atuganile kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na mlango. Tusekile akabaki na mama yao, mvua, kabichi, na ile chumvi ya mawe iliyokaa wazi juu ya moshi wa jiko. Shingo yake ikaanza kujaa. Mjini Atuganile akasikia jinsi watu wanavyowacheka wenye marovu, akacheka nao, na tangu siku hiyo hakumtaja dada yake mbele ya mtu.

Kwenda nyumbani akaona aibu. Badala ya kwenda, akawa anatuma chumvi. Kila Krismasi, pakiti za chumvi nzuri, kwa basi. Basi likishaondoka stendi roho yake inatulia mpaka mwaka mwingine.

8. (sauti, ukumbini, usiku wa sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi)

"Mama mkubwa wa bibi harusi yuko wapi?"

"Wanasema amechoka na safari."

"Amechoka? Mbona nimemwona jikoni anamenya vitunguu?"

4.

Haya, tumerudi.

Tusekile alisikia habari za sendofu huko kijijini, akapanda basi bila kualikwa. Nyuma ya ukumbi Atuganile alimzungushia pacha wake mtandio shingoni, akaubana kwa pini. "Joto najua, dada. Vumilia tu. Na ukae na wapishi, kule mbele kuna mataa makali."

Tusekile hakubisha. "Sawa, mdogo wangu. Ila nina zawadi ya mtoto. Nani atanipelekea?"

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usijibu haraka. Hata Atuganile alijiona mtu mwema.

9.

"Na hii," mshereheshaji alipaza sauti, "kutoka kwa mama mkubwa! Boksi zito hili, jamani, sijui ni friji... Ah! Ni chumvi!"

Ukumbi mzima ulicheka. Pakiti juu ya pakiti, nyingine zimepauka kwa uzee, hakuna hata moja iliyofunguliwa. Tusekile alisikia vicheko, akatoka jikoni na aproni yake.

"Msicheke, wanangu. Hiyo ni chumvi nzuri, ya mjini. Mdogo wangu alikuwa ananitumia. Nikaona mimi wa kijijini nitakula tu hii yetu ya mawe, hiyo nimwekee yeye, siku akija na watoto wapate chakula kitamu." Akatabasamu. "Hakujaliwa kuja. Basi nimemletea Lugano."

Hakulaumu mtu. Ndivyo alivyoona mambo.

Atuganile alitamani ardhi ipasuke.

Haikupasuka.

10.

Kwa joto la jikoni pini ilikuwa imefunguka, na mtandio ulining'inia begani. Mama wa miwani aliweka soda yake mezani. Safari hii hakukoroga chochote.

"Mama Lugano. Huyu ni nani kwenu?"

Lugano naye alikuwa anamtazama mama yake, kiganja kikipapasa shingo yake mwenyewe polepole, kama mtu anayetafuta mkufu. Mshereheshaji, ambaye hakujua lolote, alimkabidhi Atuganile kipaza sauti.

Akasimama. Lile neno likamjia mdomoni lenyewe, maana lilishazoea njia. Akalimeza. Koo lilimuuma kama amemeza jiwe la chumvi.

11.

"Huyu ni pacha wangu..."