Raheli Ampeleka Mtoto Shule

Klara wa Malindi, ile ya milimani kwenye baridi, alimzaa kitindamimba wake, Raheli, miezi michache tu baada ya binti yake mkubwa kumzaa Sesilia. Binti huyo alipokwenda Muheza kuuza matunda, alimwacha Sesilia kwa bibi yake, na watoto hao wakalelewa kama mapacha. Raheli ndiye aliyekuwa mdogo kwa umri, ila alimzidi mwenzake kimo, na Sesilia alimwita "mama mdogo" kwa heshima zote.

Januari ilipofika, Klara aliwavalisha wote sweta, akawapeleka shuleni kuwaandikisha darasa la awali, lisilo na ada. Mwalimu Latifa alitazama vyeti vyao vya kuzaliwa.

"Sesilia ametimiza miaka mitano, tunampokea. Raheli bado, mama. Ana minne. Mlete mwakani."

"Mwalimu, hebu mtazame alivyo! Raheli, shika sikio."

Raheli akapitisha mkono juu ya kichwa, akalishika sikio la upande wa pili bila shida. Sesilia naye akajaribu. Vidole vyake viliishia kwenye nywele.

Mwalimu Latifa alicheka mpaka akafuta macho, lakini hakubadili neno. "Sisi ndivyo tulivyopimwa zamani, mama. Siku hizi ni umri. Nikimpokea huyu, kesho nitaletewa warefu wa miaka mitatu, na darasa ndilo hili hili."

Klara alinuna. Raheli hakulia, aliyelia ni Sesilia. Aliposikia ataingia peke yake, alikumbatia nguzo ya mlango, ikabidi warudi naye nyumbani. Asubuhi iliyofuata alikataa hata kuvaa viatu.

"Mama mdogo asipokwenda, na mimi siendi."

Klara alibembeleza, akatishia kumchapa, akaahidi maandazi. Wapi! Viazi vilikuwa vinasubiri palizi shambani, na yeye amekaa na mtoto na kiatu kimoja mkononi.

Raheli alikuwa anawatazama tu. Mara akaingia ndani, akatoka amejifunga khanga ya mama yake, pindo linaburuta chini.

"Mimi si mama yake? Nitampeleka."

Sesilia akanyoosha mguu, akavalishwa kiatu.

Wakatoka. Raheli alitangulia amemshika mwenzake mkono, akimkumbusha kupenga kamasi, na Klara akafuata nyuma akiwa na jembe begani. Mlangoni Raheli alisimama wima.

"Shikamoo, mwalimu. Nimemleta mtoto wangu. Ana aibu, usimgombeze."

"Marahaba, mzazi," Mwalimu Latifa alijibu, wala hakucheka. "Utamfuata saa ngapi?"

"Akishakunywa uji."

Sesilia akaingia bila kugeuka nyuma. Klara, ambaye bado alikuwa na kinyongo na mwalimu, alijikuta anatabasamu njia nzima hadi shambani.

Ikawa hivyo kila siku. Ulipoitishwa mkutano wa wazazi, Raheli alikaa kwenye benchi pamoja na watu wazima, miguu ikining'inia. Mzee Abrahamu, mwenyekiti wa kamati, akauliza kama kuna mwenye neno. Raheli akanyoosha mkono. Klara alijaribu kuushusha, akachelewa.

"Mtoto wangu anasema uji hauna sukari."

Wazazi waliangua kicheko. Lakini wengine walikuwa wamesikia malalamiko hayo hayo majumbani kwao, na kabla mkutano haujafungwa wakakubaliana kuchangia sukari.

Mwaka uliofuata Raheli alikuwa ametimiza miaka mitano, akaandikishwa bila mjadala wowote. Sesilia alikuwa amepanda darasa la kwanza, chumba cha jirani. Jambo moja tu lilimsumbua Mwalimu Latifa: kila akigeukia ubao, Raheli alichomoka, akaenda kusimama dirishani kwa darasa la kwanza kuuliza kama mtoto wake anasoma vizuri.