Wageni wa Msemaji

Asubuhi Msemaji aliteleka chai, akapiga pasi sare yake upande wa mbele tu kwa kuwa wa nyuma hufunikwa na sweta, kisha akachungulia chumbani kwa baba yake. Baba alikuwa amelala na viatu, uso ameuelekeza ukutani, chupa iko ubavuni mwake kama mtoto mchanga. Msemaji alimvua viatu, akachukua simu, akatoka nayo uani na kumpigia msimamizi wa karakana ya vioo.

"Baba ana homa," alisema. "Imempanda tangu jana. Hata kukaa hawezi."

Msimamizi akampa pole na kusema mgonjwa apumzike. Msemaji akanywa chai yake, akaenda shule.

Jioni, alipokuwa akiosha vyombo, mtu akabisha hodi. Alikuwa Homa: mwanamume mwembamba, macho mekundu, amejifunika blanketi la kijivu hadi masikioni na meno yanagongana. Aliuliza kama hapa ndipo alipoitwa. Msemaji akasema ndipo, akamsogezea kigoda karibu na jiko.

Hakuwa mgeni wa kwanza. Wa kwanza alikuwa Mgongo, mzee aliyepinda kama ndoano, ambaye alifika siku ile Msemaji aliposema baba yake hawezi kuinuka kwa maumivu. Mgongo hakuweza kulalia godoro, hivyo alijitandikia mkeka sebuleni na kila apitaye ilimbidi amruke. Baadaye alikuja Jino, mwanamke aliyefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, shavu limevimba kama andazi. Alikuwa akiugua kwa sauti usiku kucha, na Msemaji, kwa huruma, akampa kitanda chake. Yeye akawa analala ameketi, kati ya ukuta na kabati.

Kisha kulikuwa na Shangazi. Baba hakuwahi kuwa na dada, lakini Msemaji alikuwa ametangaza msiba wa dada huyo, na mtu akitangazwa huja. Alifika na pamba puani, akaitoa mwenyewe, akauliza jiko liko wapi. Tangu hapo alikuwa amekufa mara mbili zaidi. Kila alipokufa alijilaza kutwa nzima akiwa amefumba macho, jioni akaamka na kukagua kama kuna chumvi.

Siku moja Msemaji alisema baba yake amekwama kwenye foleni, na uani kukajaa magari ya watu wasiojulikana, yakipiga honi mpaka adhuhuri. Mama mwenye nyumba alikuja kulalamika, si kwa sababu ya magari, bali kwa sababu yalikuwa yameangusha kamba yake ya nguo. Msemaji hakuitumia foleni tena.

Jina lenyewe alipewa na mafundi wa karakana. Alikuwa na miaka kumi na mitano, lakini kwenye simu alikuwa na sauti ya mtu mzima anayejua anachokisema, na mafundi walizoea kuulizana asubuhi kama msemaji wa fulani ameshatoa taarifa. Jina likamfuata mpaka nyumbani. Mama yake alikuwa ameolewa mji mwingine na ana watoto wengine huko. Walibaki wawili, yeye na baba, kabla nyumba haijajaa.

Baba hakuwa mtu mbaya. Mkono wake ukiwa umetulia aliweza kukata kioo cha duara kwa jicho tu, na siku hizo alikuwa mcheshi, akiimba huku akinyoa ndevu. Siku nyingine zote alirudi akishika ukuta. Wageni aliwakuta wameketi, akawasalimu, akacheza karata na Mgongo, na hakuwahi kuuliza wametoka wapi. Baba wa nyumba alikuwa yeye. Mwenyeji alikuwa mwanawe. Ni Msemaji aliyetafuta maji ya watu wote hao, aliyepika sufuria kubwa, aliyemfutia Homa jasho na kumpa Jino maji ya chumvi asukutue.

Basi akaanza kusinzia darasani. Mwalimu wa biolojia, mama mmoja mpole asiyependa kelele, alimwita baada ya kipindi na kumuuliza kulikoni. Ulimi wa Msemaji ulikuwa umeshazoea njia yake. Alijibu kwamba anasoma sana, mpaka usiku wa manane.

Jioni ile alikuja kijana mwenye miwani minene, jina lake Kisomo, na gunia la vitabu begani. Akavipanga mezani kimoja kimoja mpaka meza ikaisha, akaketi, akafungua kimoja na kuanza kunong'ona. Ile ilikuwa meza ya Msemaji, kitu pekee nyumbani ambacho hakuna aliyekuwa amekigusa. Alisimama akiitazama. Kisha akapindua ndoo na kufanyia hesabu zake juu yake.

Baada ya hapo zikaja siku mbaya. Karakana ilipata kazi ya madirisha ya jengo kubwa, na kila fundi alihitajika. Baba aliapa kwa jina la mama yake kwamba atakwenda. Asubuhi yake Shangazi alimkuta sakafuni jikoni, shati limelowa, amekumbatia mguu wa meza. Simu ikalia kabla Msemaji hajaipiga. Alikuwa msimamizi mwenyewe.

"Leo sitaki kusikia habari za mgongo," alisema. "Niambie kuna nini."

Msemaji alitafuta haraka haraka. Homa ilikuwa ndogo. Msiba ulikuwa umeshatumika mpaka umechujuka. Aliona wazi kwamba leo lazima kiwe kitu kikubwa, kitu ambacho hata msimamizi atakaa kimya akikisikia: kwamba baba amegongwa na gari njiani, kwamba yuko hospitali. Maneno yalikuwa tayari yamefika mdomoni.

Shangazi alikuwa akikoroga uji. Hakugeuka. "Mwanangu," alisema, "kabla hujalitoa hilo, fikiri atakayebisha hodi jioni. Ajali haitembei peke yake. Huja na mwenzake, na huyo mwenzake hapokei chai."

Msemaji alimtazama baba yake pale sakafuni. Unywele mmoja ulikuwa umenasa kwenye mdomo wake, ukipanda na kushuka alivyopumua.

"Baba amelewa," alisema. "Alilewa jana na juzi, na siku zile zote. Hana homa wala hajafiwa. Yuko sakafuni, na mimi nimechoka."

Kwenye simu alisikia mtu akikata kioo, ule mlio mwembamba unaokwaruza meno, kisha mkato.

"Najua, mwanangu," msimamizi akasema. "Tulijua sote hapa." Akakohoa kidogo. "Ulikuwa unasema vizuri, tukaona tusikukatize."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetoa sifa aliyoichelewesha. Msemaji akaikalia ile ndoo. Alikuwa amebeba siri kwa mikono miwili mwaka mzima, na kumbe ilikuwa inaning'inia nje, kila mpita njia akiiona. Alitaka kukasirika, na baadaye alikasirika, lakini wakati ule kilichomjia kwanza kilikuwa wepesi, kama mtu aliyetua debe la maji kichwani na shingo bado haijaamini.

Msimamizi hakukata simu. Alimweleza kwamba yeye mwenyewe mama yake alikuwa mnywaji, na kwamba alikulia kwenye nyumba iliyojaa wageni mpaka kuku wakakosa pa kulala. Mmoja wao, Kizunguzungu, alikaa nao mpaka siku ya harusi yake na akala pilau. Wakati ule hakuna aliyemwambia pa kwenda. Siku hizi kulikuwa na chumba nyuma ya zahanati, ambako muuguzi mmoja mstaafu hukaa na vijana wenye wazazi wa namna hiyo kila Jumamosi alasiri. Akamwelekeza njia, lango la kijani, apite kwenye matangi ya maji. Kuhusu kazi, alisema hiyo ni yake yeye na baba, wataimaliza wao watu wazima.

Jioni hiyo hakuna aliyebisha hodi. Msemaji alikaa akiusikiliza mlango mpaka chakula kikapoa.

Jumamosi alikwenda. Wageni wakamfuata, kwani hakuna aliyewakataza: Mgongo akimwegemea Homa, Jino akilalamikia jua, Kisomo akisoma huku anatembea, na Shangazi nyuma kabisa akihesabu wasipotee. Nje ya chumba kulikuwa na benchi refu, nalo lilikuwa limejaa. Walikaa pale Malaria kadhaa, bibi mmoja aliyefariki mara nyingi kuliko Shangazi, na Mapacha wawili walioitwa Amesafiri na Hajarudi. Wakasogeleana, wakapeana nafasi, wakaanza kuulizana za nyumbani.

Ndani walikuwa vijana saba au wanane na viti vya plastiki. Muuguzi alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya chini, amevaa ndala. Alimwambia Msemaji kwamba hapa hawamtibu mzazi wa mtu. Hapa wako kwa ajili yao wenyewe. Asiyetaka kusema asiseme.

Alisema kwanza msichana mrefu aliyeitwa Ngongoti. Mgeni wake hakukaa kwenye benchi, alisimama mlangoni, jamaa mpana mwenye ngumi kubwa, jina lake Nilianguka Ngazini. Ngongoti alisema kwao ni nyumba ya chini, haina ngazi. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Muuguzi aliinuka, akaufunga mlango kwa ndani, akarudi kukaa karibu naye, na wiki ile ile alikwenda mwenyewe kumhamishia kwa bibi yake, yule aliye hai.

Zamu ya Msemaji ilipofika, alieleza kwa ile sauti yake ya simu, kwa mpangilio, kama anayetoa taarifa. Kisha akafika mahali sauti ikamwacha. Akasema alikuwa akidhani kwamba chai ikiwa tamu zaidi, nyumba ikiwa kimya zaidi, yeye akiwa wa kwanza darasani, baba angeona sababu ya kurudi mapema.

"Hukumwanzishia wewe ulevi," muuguzi akasema, "na si wewe utakayemwachisha. Hilo halikuwa lako kulibeba."

Msemaji alilia bila kuangalia saa. Ngongoti akampa kanga ajifute, naye akajifuta, na wenzake wakaendelea na mazungumzo kwa sauti ya kawaida, jambo ambalo alilipenda kuliko pole zote.

Wageni hawakufukuzwa. Waliaga wenyewe, kwa adabu. Homa aliondoka Jumatatu, akaacha blanketi amelikunja. Jino alifua mashuka ya kitanda, akayaanika, akasema shavu limemtulia na anakwenda kwao. Msemaji alimwendea mwalimu wa biolojia na kumwambia kwamba hakuwa akisoma usiku, alikuwa akimvua baba yake viatu. Mwalimu akampa ufunguo wa chumba cha maabara ili apumzike humo wakati wa chakula cha mchana, na Msemaji aliporudi nyumbani Kisomo alikuwa amekwisha kuvirudisha vitabu vyote guniani. Mgongo alichelewa, kwa kuwa alikuwa amezoea karata. Siku aliyoondoka, baba alimsindikiza mpaka njia panda, akarudi ameinamisha kichwa.

Shangazi ndiye aliyebaki. Msemaji alimwambia muuguzi kwamba huyu hataki aende. Muuguzi akasema hakuna sheria.

Jioni moja baba alikuwa hajalewa. Alishika kikombe kwa mikono miwili na chai ikawa inatikisika hata hivyo.

"Nasikia hunisemei tena," alisema.

"Sikusemei, Baba."

"Sasa nani atanisemea?"

"Utajisemea mwenyewe."

Baba akasema ataacha. Msemaji akamjibu kwamba akiacha atafurahi sana, na kuna watu wa kumsaidia, na zahanati anaijua. Baada ya hapo akaenda kuosha kikombe chake. Zamani neno lile lingemweka macho usiku kucha, akipanga namna ya kulilinda. Sasa aliliacha pale mezani, kwa mwenyewe.

Baba aliacha kwa wiki moja na kidogo. Kisha hakuacha. Msimamizi alimtoa kwenye kukata, akampeleka kufungasha vioo kwenye nyasi kavu, mahali ambapo mkono unaotetemeka hauharibu kitu. Mafundi waliendelea kumpenda na kumnunulia bia jioni.

Siku baba aliposhindwa tena kuinuka, Msemaji alikunywa chai, akafunga begi lake, akaenda shule. Nyuma yake alimsikia baba akijikokota uani na simu, akisema kwa sauti nzito kwamba amefiwa na kaka yake mkubwa.

Jioni hodi ikabishwa. Alikuwa mwanamume mkubwa wa kimo na kiwiliwili, suti nyeusi, sanduku mkononi. Aliuliza kama hapa ndipo kwa mdogo wake.

"Ndipo," Msemaji akasema. "Mlango wa pili kulia. Yumo."

Mgeni akashukuru, akaingia. Shangazi, aliyekuwa akichambua mchele, alimfuata kwa macho mpaka mlango ulipofungwa.

"Kumbe tuna kaka," akasema.

Kutoka chumbani walimsikia baba akisogea ukutani kumpisha, na kitanda kikalia. Punde mgeni alikuwa anakoroma. Msemaji alirudi mezani, akamaliza hesabu iliyobaki, akanawa miguu, akapanda kitandani kwake. Shangazi alipokuja kumwamsha asubuhi ilibidi amwite mara mbili.